Bibi na babu, tujifunze kuyasoma matokeo ya wajukuu wanaosomeshwa nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na bibi na babu wenzangu ambao watoto wao wanaishi Marekani na wameamua kuwasomesha wajukuu nyumbani badala ya kuwapeleka shule. Matokeo yakitoka, picha huingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nasi huzitangaza kwa majirani, kanisani, msikitini na kwenye vikoba. Fahari hiyo ni haki yetu. Shida ni kwamba mara nyingi tunajivunia namba tusiyoielewa, na jirani akiuliza swali moja la maana tunabaki tumeduwaa. Mtoto aliyefanya kazi kubwa anastahili bibi anayeweza kueleza alichokifanya.

Swali la kwanza huwa ni kama jambo hilo ni halali. Ni halali. Tangu 1993 kusomesha mtoto nyumbani kumeruhusiwa katika majimbo yote 50 ya Marekani. Kinachotofautiana ni masharti, kwa hiyo ukitaka kuelewa karatasi za mjukuu wako, anza kwa kuuliza anaishi jimbo gani.

Texas mzazi haombi kibali wala hapeleki ripoti popote. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, katika kesi ya Leeper iliyoamuliwa 1994, iliihesabu shule ya nyumbani kuwa shule binafsi, mradi ifundishe kwa dhati kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Ila mtoto akiwa tayari ameandikishwa shule ya umma, mzazi lazima aandike barua ya kumtoa. Asipofanya hivyo mtoto huhesabiwa mtoro. Pennsylvania ni habari nyingine kabisa. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Agosti, mzazi hupeleka tamko la kisheria kwa msimamizi wa elimu wa wilaya pamoja na malengo ya masomo. Mtoto husoma siku 180, au saa 900 akiwa wa msingi na 990 akiwa wa sekondari. Darasa la 3, la 5 na la 8 hufanya mtihani sanifu wa kusoma na hisabati, na mzazi haruhusiwi kumsimamia mwanawe mwenyewe. Mwisho wa mwaka mtathmini mwenye sifa humhoji mtoto, hupitia jalada la kazi zake na kutia saini, na karatasi hiyo hufikishwa wilayani kabla ya tarehe 30 Juni. Minnesota nayo hutaka mtihani kila mwaka, na mtoto akiwa kwenye pasentaili ya 30 au chini yake (neno hilo nitalieleza sasa hivi) mzazi hutakiwa kumfanyia uchunguzi zaidi ili kujua kama ana tatizo la kujifunza.

Kwa hiyo mjukuu wa Pennsylvania ana ushahidi wa mtu wa nje kila mwaka, mzazi apende asipende. Wa Texas hana, mpaka wazazi wajitafutie. Bibi wa mjukuu wa Texas asione haya kuuliza: mwaka huu amepimwa na nani zaidi ya mama yake?

Sasa tuje kwenye hiyo pasentaili, maana ndiyo inayotupotosha kuliko kitu kingine chochote. Mjukuu akiletewa karatasi yenye 85, sisi tuliosoma kwa alama za mia tunadhani amepata maswali 85 katika 100. Sivyo. Wapange watoto 100 wa darasa lake kwenye mstari, kuanzia aliyepata alama ndogo hadi aliyepata kubwa. Mwenye pasentaili ya 85 amewapita takriban 85 kati yao. Huenda alipata maswali 70 tu kwa 100, na huenda alipata 95. Namba hiyo haisemi. Pasentaili ya 50 ni mtoto wa katikati kabisa, hakuna cha kusikitikia hapo. Jingine ni kwamba hatua zake hazilingani. Kutoka 50 hadi 60 huweza kuwa maswali mawili matatu tu, kwa sababu katikati ndiko watoto walikorundikana, ilhali kutoka 95 hadi 99 ni mwendo mrefu. Mjukuu aliyeshuka kutoka 58 hadi 52 hajaharibikiwa. Msimkemee.

Namba ya pili inayotudanganya ni ile ya ulinganifu wa darasa, mathalani 7.2 kwa mtoto wa darasa la 3. Nimewasikia watu wakisema mtoto huyo aingizwe darasa la 7 mara moja. Maana yake ni kwamba alama aliyoipata kwenye mtihani wa darasa la 3 inakadiriwa kuwa sawa na ambayo angeipata mtoto wa kawaida wa darasa la 7, mwezi wa pili wa masomo, kama naye angepewa mtihani huohuo wa darasa la 3. Hakuulizwa aljebra wala sehemu za darasa la 7. Amekamilisha vizuri sana mambo ya darasa la 3, na hilo peke yake linatosha kupigiwa vigelegele. Kwenye karatasi nyingine mtaona pia kipimo cha 1 hadi 9. Hapo 4, 5 na 6 ni katikati.

Muulizeni mwana au mkamwana jina la mtihani. Unaoitwa Iowa, wa Stanford na wa California ndiyo inayotumika sana kwa familia hizi. Ule wa Stanford kwa kifupi nao huandikwa SAT, herufi zilezile za mtihani wa kuombea chuo kikuu. Mtoto wa miaka 9 aliyefanya SAT amefanya wa Stanford, kwa hiyo tusitangaze kwamba anakwenda chuo.

Kisha muulizeni nani alisimamia, mtihani ulikuwa wa darasa gani, na wastani wake ulipimwa lini, yaani watoto anaolinganishwa nao waliufanya mwaka gani. Haya matatu ndiyo huharibu matokeo mazuri. Mama akisimamia mezani kwake na kuongeza dakika 10 kwa huruma, pasentaili haina maana tena, kwa kuwa wale watoto wengine kwenye mstari walikatiwa muda. Mtoto wa darasa la 5 akipewa mtihani wa darasa la 4 atang'ara, lakini analinganishwa na wadogo zake. Na ipo mitihani inayouzwa kwa bei nafuu ambayo wastani wake ulipimwa miongo mingi iliyopita. Mjukuu anashindana na watoto ambao leo wenyewe wana wajukuu.

Msiridhike na jumla pia. Ombeni alama za kila sehemu. Jumla nzuri huweza kuficha kusoma kwa 92 na kukokotoa kwa 41, na kwa maoni yangu hapo ndipo elimu ya nyumbani huteleza zaidi. Mtoto aliyekwishajua kusoma hujiendeleza mwenyewe, anameza vitabu. Hisabati haimei hivyo. Inataka mazoezi kila siku na mtu wa kusahihisha siku hiyohiyo, kabla kosa halijawa mazoea. Mama mwenye watoto wanne na kazi ya zamu hurundika masahihisho hadi Jumamosi, na kufikia hapo mtoto amekwisharudia kosa moja mara 30. Bibi aliyekuwa mwalimu anaweza kusaidia hapa akiwa Tanga au Kisumu: mtoto atume picha ya ukurasa mmoja wa hesabu akimaliza, arudishiwe umesahihishwa kabla hajalala.

Zipo takwimu zinazosambazwa zikidai watoto wa nyumbani huwazidi wa shule kwa mbali. Naomba tusizitumie. Nyingi zilipatikana kwa familia zilizojitolea zenyewe kushiriki, na ni nadra familia ambayo mambo yameiendea kombo kujitokeza. Mjukuu wako ana matokeo yake, na hayo yanatosha.

Bora kuliko namba zote ni jalada la kazi. Jalada zuri lina orodha ya vitabu alivyosoma na tarehe zake, na sampuli za kazi za kila somo za mwanzo, katikati na mwisho wa mwaka. Ombeni mwonyeshwe insha tatu, ya Septemba, ya Januari na ya Mei, zenye makosa yake na kalamu nyekundu juu yake. Ziwekeni pamoja mzisome. Hapo bibi asiyejua pasentaili ataona mwenyewe kama sentensi zimerefuka, kama aya zimeanza kushikana, kama makosa ya Septemba yamekoma. Jalada lenye kazi safi tupu, zilizonakiliwa upya kwa ajili ya kuonyeshwa, halimwambii mtu kitu, na mtathmini mzoefu hulitilia shaka.

Sasa niseme kuhusu kazi ambayo ni yetu hasa, na ambayo mzazi aliyebanwa na zamu mbili hawezi kuifanya peke yake: Kiswahili. Kule mwanafunzi wa sekondari hukusanya kredi, na kwa desturi kredi moja ni somo la saa kama 120 kwa mwaka. Lugha ya kigeni ni somo kamili, na vyuo vingi hupenda kuona miaka miwili ya lugha moja. Bibi na babu wanaweza kulibeba somo hilo lote. Vipindi 4 kwa wiki vya dakika 45 ni saa 3. Kwa wiki 36 inakuwa saa 108. Ongeza nusu saa kila wiki ya kuandika akiwa peke yake, saa 18, unafika 126. Ila saa hizo ni za kufundisha kweli. Salamu na habari za mvua hazimo.

Gawanya wiki 36 katika mihula mitatu ya wiki 12, uandike azimio la kazi kama tulivyokuwa tukifanya shuleni. Muhula wa kwanza: ngeli ya A-WA, KI-VI na U-I, na vifungu vya kusoma vya maneno 150. Wa pili: LI-YA, I-ZI na ngeli za U. Wa tatu: nyakati na ukanushi wake, na insha ya maneno 200 kila wiki. Kipindi kimoja kiende hivi: dakika 10 asome kwa sauti, 15 mzungumze juu ya alichosoma, 10 za sarufi, 10 za imla. Msiidharau imla. Mtoto anayesikia Kiswahili nyumbani huelewa mengi lakini haandiki; imla ndiyo inayounganisha sikio na mkono.

Makosa ya watoto hawa yanajulikana, kwa hiyo yatangulieni. Watasema "kitabu yangu imepotea", kwa sababu kiambishi kimoja cha I kinawatosha kwa kila kitu kisicho na uhai. Dawa ni kubadilisha umoja na wingi kwa sauti, haraka, sentensi 20 kila siku: kitabu changu kimepotea, vitabu vyangu vimepotea, mti umeanguka, miti imeanguka. Wakishazoea KI-VI watapitiliza na kusema "kiboko kikubwa kimelala". Hapo waambieni mnyama hufuata A-WA, kiboko mkubwa amelala. Watachanganya "sikula" na "sijala". Wapeni mfano wenye muda: jana sikula, leo sijala, bado nasubiri. Na kosa moja ni letu sisi: mtoto akikwama tunarukia Kiingereza ili tumsaidie. Subiri. Mpe neno moja la Kiswahili, kisha nyamaza amalizie mwenyewe.

Saa nazo huvuruga ratiba. Tanzania na Kenya hatubadilishi saa, wao hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Saa 1 jioni kwetu ni saa 4 asubuhi sehemu kubwa ya Texas wakati wa baridi, na saa 5 asubuhi wakati wa joto. Zaidi ya hapo, bibi akisema "saa nne" mtoto hungoja saa yake inayosoma 4 alasiri, na wakati huo bibi amekwishalala. Andikeni ratiba kwa saa za tarakimu na jina la mji: 19:00 Tanga, 10:00 Dallas. Kila Machi na Novemba iandikeni upya.

Wekeni daftari. Kila kipindi kiwe na tarehe, dakika, kifungu kilichosomwa, kilichofundishwa na kosa lililojitokeza. Mwisho wa muhula bibi atie saini, mzazi apige picha na kuweka kwenye jalada. Alama huandikwa na mzazi, kwani ndiye mwalimu kisheria, lakini daftari la bibi ndilo linaloipa alama hiyo uzito.

Upo pia uthibitisho wa nje wa Kiswahili. Shirika la ACTFL, la Marekani, linaloshughulika na ufundishaji wa lugha, lina mtihani wa mazungumzo, ambapo mtahini aliyethibitishwa huongea na mwanafunzi, mazungumzo hurekodiwa, na Kiswahili kimo katika lugha zake. Ngazi zake huanzia Novice (anayeanza), kisha Intermediate (wa kati), Advanced (wa juu) na kuendelea. Kuna na muhuri wa kutambua vijana wanaomudu lugha mbili, ulioanzia California 2011 na kuenea majimbo mengi. Tatizo ni kwamba mara nyingi hutolewa kupitia shule za umma, hivyo mtoto wa nyumbani aulize mapema kama wilaya yake itampokea. Ikimkatalia, upo ule uitwao Global Seal of Biliteracy, ambao mtu binafsi anaweza kuupata akifika angalau Intermediate ya kati, mradi mtihani uwe na msimamizi. Tahadhari moja tu: msimpe mjukuu A ya Kiswahili kwa sababu anajua kusema shikamoo. Mtihani wa nje ukimkuta yuko Novice, anayesoma maombi yake chuoni atajiuliza kama A za hisabati na kemia nazo zilipatikana hivyohivyo.

Hilo ndilo linalotawala miaka ya sekondari yote. Transkripti ya mtoto wa nyumbani, yaani orodha ya masomo na alama zake za sekondari, huandikwa na mzazi, na A ya mama, hata iwe ya haki kiasi gani, inatoka kwa mtu anayempenda mtoto. Ndiyo maana familia makini hutafuta namba za nje: SAT ya kuombea chuo inayokwenda 400 hadi 1600, mwenzake ACT inayoishia 36, mitihani ya AP ya kozi za kiwango cha chuo yenye alama 1 hadi 5, au CLEP, mtihani wa kupata kredi za chuo bila kuhudhuria darasa, ya 20 hadi 80 ambayo pendekezo la kawaida la kumpa mtu kredi ni 50. AP hufanyika Mei, lakini mtahiniwa wa nyumbani lazima apate shule iliyo tayari kumpokea, na shule huagiza mitihani kufikia Novemba. Wanaokumbuka Machi huambiwa nafasi hakuna. Mimi ninachokiheshimu zaidi ni kozi za chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) ambazo kijana husoma akiwa bado sekondari, kwa sababu huko kuna mhadhiri asiyemjua, darasa lenye wenzake, na tarehe ya kukabidhi kazi isiyosogezwa. Mjukuu mwenye B ya kemia ya chuo hicho, jivunie kuliko A kumi za nyumbani.

Kwa wanaofikiri kumrudisha mjukuu asome chuo hapa: mwenye matokeo ya sekondari ya nje hutakiwa ulinganifu kutoka NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kabla ya udahili. Ulizeni miaka miwili kabla, mkiwa bado na muda wa kuongeza mitihani inayokosekana. Na wanaosoma barua hii wakatamani kuwaacha watoto wa hapa nyumbani, Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1978 inataka mtoto aliyefikisha umri wa kwenda shule aandikishwe shule ya msingi. Ya Texas yaacheni Texas.

Kabla ya kusambaza karatasi ya matokeo, funikeni tarehe ya kuzaliwa, anwani, na namba yoyote ya utambulisho. Wezi wa utambulisho hupenda majina ya watoto kwa sababu miaka hupita kabla mtu hajagundua.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwako. Wajukuu hawa wanakosa kitu kimoja ambacho gazeti linaweza kuwapa kirahisi: kifungu cha kusoma chenye tarehe. Tupatieni nusu ukurasa kila Jumamosi, habari ya kweli ya maneno 200 hadi 300 iliyoandikwa kwa sentensi fupi, maswali 5 ya ufahamu, na zoezi moja la ngeli, majibu yake yatoke wiki inayofuata. Mkiiweka pia kwenye tovuti bila kulipia, mtoto wa Dallas ataichapisha, ataijibu kwa kalamu na kuiweka kwenye jalada lake, na ikifika Mei atakuwa na kurasa zaidi ya 30 za kumwonyesha yeyote atakayeuliza.

Ni mimi,
Bibi, mwalimu mstaafu,
Tanga